Kutengeneza levo zako za Super Mario World kwa Lunar Magic: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya hunifikia usiku kwa WhatsApp, yakiwa na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na maneno mawili chini yake: "Kaka, imeharibika." Mara nyingi haijaharibika kitu. Kuna namba fulani haijajazwa, au imejazwa siyo. Lunar Magic ina vitufe vya kutisha, lakini ukishazoea kwamba kila kitu ndani yake ni namba, hofu inaisha nusu.

Lunar Magic ni nini hasa?

Ni programu ya Windows ya kuhariri Super Mario World, gemu ya Super Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1990 na Marekani mwaka 1991. Nintendo hawahusiki nayo hata kidogo. Iliandikwa na shabiki anayejiita FuSoYa, jina alilolichukua kwa mzee wa mwezini aliye kwenye Final Fantasy IV, ndiyo maana programu yenyewe nayo ina jina la mwezi. Aliitoa bure mwaka 2000 na akaendelea kuiboresha kwa zaidi ya miaka ishirini. Inafungua faili la gemu, inakuonyesha levo kama picha, unahamisha vitu kwa kipanya, kisha inaandika mabadiliko humo humo ndani ya faili. Haitengenezi gemu mpya pembeni. Inafanya upasuaji kwenye ya zamani.

Ile Mario tuliyocheza kwa kaseti ya njano, ni hii?

Hapana. Wengi wetu tulikutana na Mario kwenye zile mashine za bei nafuu zenye kaseti iliyoandikwa kwamba ina magemu mamia kwa maelfu, kumbe ni yale yale yakijirudia. Ile ilikuwa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na Lunar Magic haiwezi kuifungua. Kila gemu ina kihariri chake, kwa sababu kila gemu hupanga data zake kivyake. Super Mario Bros. 3 ina SMB3 Workshop na SMB3 Foundry, Sonic za Sega zina SonLVL, na Super Mario 64 ilipata Toad's Tool 64. Nakushauri uanze na Super Mario World, kwa sababu ndiyo iliyochimbwa kuliko zote: tatizo lolote utakalolipata, kuna mtu alishakwama hapo kabla yako.

Ninahitaji nini kuanza?

Kompyuta ya Windows, hata kama ni kuukuu. Kwenye Linux, Lunar Magic hukubali kupitia Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows. Kwa simu haiwezekani kutengeneza, ila kucheza ulichotengeneza inawezekana vizuri tu.

Unahitaji pia emuleta, yaani programu inayoigiza Super Nintendo. Snes9x inatosha, na Mesen ni nzuri zaidi ukitaka kuchunguza ndani. ZSNES iachie makumbusho. Ilidanganya mambo mengi ya mashine halisi, na gemu iliyokwenda vizuri kwake inaweza kugoma kwingine kote.

Mwisho ni faili la gemu lenyewe, romu, toleo la Marekani ambalo halijaguswa na mtu. Ukubwa wake ni baiti 524,288 kamili. Ukiona 524,800, ni ile ile ila imeongezewa kichwa cha baiti 512 mbele. Ukitaka uhakika, kagua CRC32, yaani namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ya faili lisilo na kichwa: lazima isomeke B19ED489. Herufi moja ikitofautiana, umepewa romu iliyokwishachokonolewa, na utahangaika na hitilafu zisizo zako.

Romu naipata wapi?

Swali hili nalijibu kwa ufupi na siongezi. Njia safi ni kuwa na kaseti yako halisi na kunakili yaliyomo kwa kifaa maalumu. Nintendo ni wakali: mwaka 2018 waliwashitaki wamiliki wa tovuti mbili za kugawa romu huko Arizona, Marekani, na kesi ikaisha kwa hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Tafadhali usiniombe nikutumie.

Nimefungua, imenionyesha levo ya 105. Mia moja na nne za kwanza ziko wapi?

Zipo, ila hesabu yenyewe siyo unayoifikiria. Namba za levo zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani baada ya 9 inakuja A, B, C, D, E, F, ndipo 10. Kwa hiyo 105 humo ndani ni 261 ya kwetu. Nafasi zote za levo ni 512, kuanzia 000 hadi 1FF.

105 ndiyo Yoshi's Island 1, na programu huifungua yenyewe ukishaingiza romu. Kaa hapo hapo. Ukishahariri, anza gemu upya, na pale nyumbani kwa Yoshi elekea kushoto. Ndiyo levo yako. Ukienda kulia unaingia 106, ambayo hujaigusa. Sijui ni watu wangapi wameniandikia kwamba programu haihifadhi, kumbe walikwenda kulia.

Zingatia pia kwamba si kila nafasi inaweza kuwekwa kwenye ramani ya dunia. Zinazokubalika ni 000 hadi 024 na 101 hadi 13B tu. Zilizobaki ni za vyumba vya ndani: chini ya bomba, nyuma ya mlango, chumba cha bosi.

Naanzaje levo ya kwanza?

Futa kila kitu kilichomo kwenye 105, usihurumie. Weka ardhi kidogo, weka kobe mmoja, weka shimo moja, hifadhi, cheza. Mkono wa kulia wa kipanya ndio unaopachika kitu. Wa kushoto unachagua na kuburuta. Wageni hubofya kushoto mara ishirini wakisubiri muujiza. Kitufe cha F4 hufungua emuleta moja kwa moja ukishaionyesha iko wapi.

Kuna kitu kimoja kitakachokuchanganya mapema. Ardhi, mabomba na matofali ni kundi moja. Maadui, vinyanyuo na kila kinachojiendesha ni kundi jingine, spraiti, na lina dirisha lake. Mstari wa kumalizia umegawanyika kati ya makundi hayo: zile nguzo mbili ni ardhi, lakini utepe unaopanda na kushuka katikati ni spraiti namba 7B. Ukipachika nguzo ukasahau utepe, mchezaji atapita katikati, ataendelea kutembea hadi ukutani, na atabaki hapo akiangalia saa ikiisha.

Kipimo: skrini ya mchezaji ina vigae 16 kwa upana na 14 kwenda juu, na kila kigae ni pikseli 16 kwa 16. Levo ya kawaida ya mlalo ina vigae 27 kwenda juu, na inaweza kufika skrini 32 kwa urefu. Usijaze zote 32. Levo nyingi nzuri hazifiki 20.

Kwa nini nikisogeza kitu kimoja, kingine kinakifunika?

Kwa sababu levo haijahifadhiwa kama picha. Watu wa Nintendo walikuwa na kilobaiti 512 za kuweka gemu nzima, muziki na michoro ndani yake, kwa hiyo hawakuandika "hapa kuna kigae, hapa kigae, hapa kigae". Waliandika maagizo: anzia hapa, chora ardhi yenye upana huu na kina hiki. Agizo la kawaida lina baiti 3. Kilima kizima unachokiona kwenye skrini ni baiti 3! Kobe naye ni baiti 3. Mbele ya orodha ya ardhi kuna baiti 5 za utangulizi zinazosema rangi, muziki na mambo ya namna hiyo, basi.

Gemu inasoma maagizo hayo kwa mpangilio kutoka la kwanza, kama fundi anayepaka rangi. Kinachochorwa baadaye kinafunika kilichotangulia. Kwa hiyo bomba lako likizamishwa na ardhi, halijapotea. Lipo nyuma kwenye foleni. Lichague ulisogeze mbele, au likate na kulipachika upya ili liwe la mwisho.

Mimi jambo hili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Ukishaelewa kwamba kilima ni sentensi fupi, unaanza kuiona gemu yote kwa jicho la walioiandika.

Nikiingia kwenye bomba natupwa kwenye chumba cha bonasi. Sikukiweka mimi!

Hili ndilo swali namba moja, na jibu lake ni namba sifuri. Bomba halijui linakwenda wapi. Linauliza skrini lililomo: wewe skrini, mlango wako unaelekea levo gani? Kama hukujaza chochote, jibu ni sifuri, na kwenye nafasi hiyo ndipo kilipo chumba cha bonasi cha gemu ya asili.

Washa mipaka ya skrini kwenye menyu ya View, tazama bomba lako liko skrini namba ngapi, kisha fungua dirisha la milango ya skrini na ujaze namba ya levo unayotaka. Kumbuka namba ya skrini nayo ni heksadesimali.

Hapo hapo kuna mtego wa pili. Skrini moja ina mlango mmoja tu. Mabomba mawili yakiwa kwenye skrini moja, yote yataenda mahali pamoja, hata ukasirike vipi. Sogeza moja hadi skrini ya jirani. Na ukitaka mchezaji akirudi atokee katikati ya levo badala ya mwanzoni, tengeneza kiingilio cha pili na umpeleke huko.

Bomba lenyewe likigoma kabisa kuingilika, umechukua lile la mapambo. Kwenye orodha kuna mabomba yanayopitika na yasiyopitika, na kwa macho ni mapacha.

Adui wangu ametokea kama vipande vya takataka. Ni virusi?

Si virusi. Kwa wakati mmoja levo hubeba mafaili manne tu ya michoro ya spraiti, yanayoitwa SP1 hadi SP4, na kila faili lina vigae vidogo 128 vya pikseli 8 kwa 8. Adui anajua kwamba kichwa chake kiko kigae fulani cha SP4, lakini hajui kama leo SP4 ina picha zake au za mtu mwingine. Ukimweka mzimu wa nyumba ya mizimu kwenye levo ya msituni, atavaa vipande vya kiwavi.

Dawa ni kubadilisha seti ya michoro ya spraiti hadi ile anayoitaka. Pia yakupasa ukubali kwamba maadui wawili wanaotaka SP4 tofauti hawataishi levo moja, labda uunganishe michoro yao kwenye faili jipya ulilolichora mwenyewe.

Nimechora kigae kizuri cha jiwe, Mario anapita katikati yake kama hewa.

Picha na tabia ni vitu viwili. Kila kigae kina sura yake, na pembeni kina namba inayosema kijifanye kama kigae gani. 130 ni jiwe gumu pande zote. 100 ni ukingo unaoweza kuurukia kutoka chini ukasimama juu. 25 ni hewa tupu. Chako kiko kwenye 25. Mchezo huu wa namba ni mtamu ukiutumia kwa adabu. Ukiutumia vibaya unapata ukuta unaoonekana lakini haupo, na mchezaji hatakusamehe.

Kamera haipandi juu, nimejenga ghorofa nzima huko.

Kwenye gemu ya asili kamera hukataa kupanda mpaka Mario aruke angani kwa joho au apande mmea. Ni mpangilio wa levo, kwenye sehemu ya kusogea kwa skrini kwenda juu na chini. Badilisha iruhusu wakati wote.

Maadui wengine hawatokei kabisa, na gemu inakuwa nzito.

Umeita watu wengi kwenye chumba kidogo. Gemu ina nafasi 12 za spraiti za kawaida kwa wakati mmoja, na baadhi yake hutengwa kwa kazi maalumu. Anayefika nafasi zikiwa zimejaa hatokei. Kuhusu uzito: kichakataji cha Super Nintendo kinaweza kwenda megahezi 3.58, lakini Super Mario World iliandikwa kwa mwendo wa 2.68. Kuna pachi, yaani faili dogo la marekebisho linalobandikwa juu ya gemu, ya Vitor Vilela inayotumia chipu ya SA-1, yenye megahezi 10.74, ambayo inafuta uzito huo na kupandisha nafasi hadi 22. Ila iweke mwanzoni kabisa mwa mradi, kabla ya kitu kingine chochote. Na kabla ya pachi, jiulize kama kweli skrini moja inahitaji kobe tisa.

Nimemaliza levo, njia kwenye ramani haifunguki.

Kwanza anza gemu mpya kabisa. Hali ya mwanzo ya ramani husomwa pale mchezaji anapoanza faili jipya. Ukiendelea na lile la jana, unatazama ramani ya jana. Kama bado, fungua kihariri cha ramani uone levo hiyo imepewa tukio namba ngapi, yaani badiliko la ramani linalofuata levo ikiisha, na tukio hilo limechora nini. Sitasema uongo, ramani ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote. Mimi huiacha mwisho.

Naweza kuweka muziki wangu, hata taarabu?

Unaweza, kwa programu ya AddmusicK. Lakini huingizi MP3. Unaandika noti kwa maandishi, na vyombo vyote pamoja na sampuli za sauti lazima vienee kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 ya chipu ya sauti. Nimewahi kujaribu kuingiza sampuli ya kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Ilikula nafasi hadi Mario akawa haruki kwa sauti tena. Ukitaka maadui wapya kuna programu ya PIXI, vigae vyenye tabia mpya kuna nyingine iitwayo GPS (siyo ile ya ramani), na pachi nyingine huingizwa kwa Asar. Zijaribu baada ya kumaliza levo tatu za kawaida, si kabla.

Nimepoteza kila kitu. Inarudi?

Pole. Inategemea. Nilikuwa na levo kumi na moja za miezi miwili kwenye faili moja, jina lake "mpya.smc". Umeme ukakatika nikiwa katikati ya kuhifadhi. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani, naendesha kwa waya. Nilipowasha, gemu ilifunguka kwa skrini nyeusi na mlio mmoja usioisha.

Tangu siku hiyo, romu safi iko kwenye folda yake na sijawahi kuifungua kwa Lunar Magic. Ya kazi naipa tarehe na nainakili kila ninapoketi. Kila levo ikikamilika naitoa nje kama faili la MWL, ambalo linaweza kuingizwa kwenye romu nyingine baadaye. Washa pia mfumo wa kurejesha uliomo ndani ya Lunar Magic, unaotunza hatua zako za nyuma. Na hifadhi ya emuleta, ile ya papo kwa hapo, isikuhadae: hiyo ni picha ya kumbukumbu ya mashine, haitunzi kazi yako. Tena ukiirudisha baada ya kuhariri utaona levo ya zamani, mpaka utoke na uingie upya.

Lazima levo iwe ngumu kama zile za YouTube?

Hizo ni Kaizo. Neno ni la Kijapani, maana yake kurekebisha au kuunda upya, na umaarufu wake ulitoka kwa gemu ya mwaka 2007 ambayo mtu anayejiita T. Takemoto aliitengeneza amtese rafiki yake, akarekodi. Ilikuwa utani wa marafiki. Lile tofali lisiloonekana linalokugonga kichwa katikati ya kuruka mpaka leo linaitwa kwa jina hilo.

Kutengeneza levo ngumu ni rahisi. Mwiba ni wa bure. Kazi ni kutengeneza ngumu ambayo mtu akifa anacheka na kurudi. FuSoYa mwenyewe alitoa Super Demo World, yenye njia 120 za kumalizia, na siyo ya kutesa mtu. Mtu yeyote akinitumia levo ya kwanza yenye miiba skrini nzima, namrudishia na swali moja: umeimaliza wewe bila hifadhi ya emuleta? Kimya.

Nimemaliza. Nawagawiaje wenzangu?

Usitume romu. Unatuma pachi, yaani faili dogo lenye tofauti tu kati ya gemu safi na yako. Kwa programu ya Flips, unachagua romu safi, unachagua yako, unapata faili la BPS. Mwenzako analibandika juu ya romu yake safi. Kuna muundo wa zamani, IPS, lakini huo hubandikwa juu ya chochote bila kuuliza, hata juu ya romu mbovu. BPS inakagua kwanza na inakataa isipolingana. Pachi hazina gemu ya Nintendo ndani yake, na ndiyo maana SMW Central, tovuti na maskani kuu ya watengenezaji wa levo hizi, hupokea pachi peke yake. Kuuza usithubutu.

Super Mario Maker si ingetosha?

Ingetosha kwa mwenye mashine yake. Ilitoka mwaka 2015 kwa Wii U na ya pili 2019 kwa Switch, na ni tamu. Lakini huduma za mtandaoni za Wii U zilizimwa Aprili 2024. Pachi yangu iko kwenye fleshi.

Mtoto anaweza kujifunza?

Mpwa wangu ana miaka tisa. Nilimpa levo yangu niliyoiona imekamilika, nikakaa nyuma yake bila kusema neno, maana ukianza kuelekeza huoni tena makosa yako. Alikufa shimo la pili mara sita.

"Mjomba, hapa panaua."

"Si unaruka tu?"

"Naruka, lakini upande wa pili sipaoni. Naruka kwenda wapi?"

Nikatazama. Shimo lilianzia mwisho kabisa wa skrini. Mimi nilikuwa nikiliona zima kwenye Lunar Magic, yeye aliona ukingo mmoja. Nikamwachia kipanya. Alisogeza ardhi vigae viwili kushoto, akaweka sarafu tatu za kuonyesha njia, akabonyeza F4, akapita. Kisha akaniuliza mahali pa kuweka miiba.